Nilinunua Pampu Nzima Ili Nisilipie Vipimo vya Nusu Siku

Taa ya onyo ya difu iliwaka kwa mara ya kwanza jioni moja nilipokuwa nikirudisha tela nyuma kwenye mwinuko wenye tope, giza likiwa limeanza kuingia. Gurudumu la nyuma la kushoto lilianza kuzunguka bure, nikasubiri lile la kulia lisaidie kama lilivyozoea, lakini halikusaidia. Badala yake dashibodi ilionyesha maandishi kwamba difu ya nyuma imezimwa na inahitaji kuhudumiwa. Nilizima injini, nikangoja kidogo, nikaiwasha tena. Taa ilikuwa imetoweka na pikapu ikapanda bila shida. Kosa langu la kwanza ni kwamba usiku ule nililala usingizi mzuri.

Ni vyema nikieleze kifaa chenyewe kabla sijaendelea, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha nilizopoteza ilipotea kwa kutokijua. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya mzunguko sawasawa kwa magurudumu mawili ya ekseli moja na kuyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti, jambo ambalo ni la lazima gari linapokata kona, kwa kuwa gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Ubaya wake huonekana kwenye utelezi: gurudumu lililokosa mshiko hulifanya hata lenzake lipate nguvu ndogo ileile, na gari hubaki palepale huku tairi moja likirusha tope. Difu ya pikapu yangu ina fungu la sahani za klachi ndani yake. Kompyuta ndogo iliyofungwa karibu na ekseli ya nyuma huwasha pampu ya umeme, pampu husukuma mafuta, mafuta husukuma pistoni, na pistoni huzibana sahani hizo kwa kiasi kinachotakiwa, kuanzia kutobana kabisa hadi kuyafanya magurudumu mawili yazunguke kama kitu kimoja. Kompyuta huamua ibane kiasi gani kwa kutazama kasi ya kila gurudumu, pembe ya usukani, namna dereva anavyokanyaga pedali ya mafuta, na kama breki imeguswa.

Zipo difu nyingine zinazotajwa kwa majina yanayokaribiana na hili, nazo si kitu kimoja. Magari mengine hayana klachi yoyote ndani ya difu. Ni breki tu zinazolishika gurudumu linalozunguka bure ili nguvu iende upande wa pili. Mengine yana difu ya kufunga kabisa, inayoendeshwa kwa koili ya sumaku, ambayo haina hali ya katikati: ama imefunga ama imefunguka. Nilipoteza Jumamosi mbili nikiwa chini ya gari, nikifuata maelekezo mazuri sana ya kupima koili ambayo pikapu yangu haina. Anayeanza kuitafuta hitilafu ya aina hii na athibitishe kwanza, kwa kitabu cha gari na kwa namba ya chesisi, ni difu gani hasa aliyo nayo.

Taa ilirudi baada ya siku chache, ikazimika, ikarudi tena. Nilikuwa na kifaa kidogo cha kusoma hitilafu, kile cha kuchomeka chini ya usukani, nikakitumia, nacho kikanijibu kwamba gari halina hitilafu yoyote. Niliamini jibu hilo kwa wiki nzima. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba vifaa vingi vya bei rahisi husoma misimbo ya injini tu, ile inayoanza na herufi P, ilhali hitilafu za breki, difu na sehemu nyingine za chini huandikwa kwa herufi C, na hitilafu za mawasiliano kati ya kompyuta za gari huandikwa kwa herufi U. Kifaa changu hakikunidanganya. Kilikuwa hakijui hata kuuliza.

Gereji ya kwanza niliyoiendea ilikuwa na mashine inayosoma kompyuta zote za gari. Ilitoa misimbo miwili. Mmoja wa herufi C ulisema kwamba pampu ya difu imechelewa kufikisha mgandamizo uliotakiwa, na wa pili, wa herufi U, ulisema kwamba mawasiliano na kompyuta ya difu yalikatika kwa muda. Mimi nilisikia neno pampu tu, kilichofuata sikukisikia. Fundi alinieleza kwa utulivu kwamba angehitaji nusu siku ya kupima nyaya, mgandamizo na mafuta kabla ya kusema kipi kibovu, na kwamba kazi hiyo ina malipo yake hata kama hakuna kitakachobadilishwa. Nilimjibu kwa maneno ambayo leo nayaonea haya: kwamba mashine imeshasema ni pampu, hivyo silipi mtu atazame kitu kinachojulikana. Nikaondoka nikijiona mjanja.

Kwa kuwa bei ya pampu ilinitisha, nilijaribu kwanza mambo mepesi. Nilianza na matairi. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimebadilisha tairi moja tu la nyuma baada ya kupasuka, nikaacha lenzake lililochakaa. Tairi jipya likizidi la zamani kwa milimita 5 za kashata, yaani meno ya tairi, tofauti ya mzingo hufika zaidi ya asilimia 1 kwenye tairi la ukubwa wa pikapu, na hata barabara ikiwa imenyooka magurudumu hayo hayazunguki kwa kasi moja. Kompyuta inaweza kuitafsiri tofauti hiyo kuwa ni utelezi, ikazibana klachi bila sababu hadi zikapata joto, kisha ikaizima difu ili kuinusuru. Niliweka matairi mawili yanayolingana, upepo ukiwa sawa pande zote mbili. Taa iliendelea kuwaka. Hata hivyo fedha hiyo siijutii, maana lilikuwa jambo la kufanywa kwa vyovyote vile.

Niliyoyafanya kwenye mafuta ya difu ndiyo ninayoyajutia. Niliyamwaga mwenyewe, na mpaka hapo sikukosea. Nilikitazama kizibo chenye sumaku: kilikuwa na utando mwembamba wa kijivu kama masizi yaliyochanganywa na grisi, ambao ni uchakavu wa kawaida, wala hakikuwa na vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole. Mafuta hayakuwa na rangi ya maziwa, maana yake maji hayakuingia kupitia bomba la kupumulia la ekseli, na hayakunuka kuungua. Difu yenyewe ilikuwa ikiniambia kwa kila ishara kwamba ni nzima. Sikuisikiliza. Nikajaza mafuta ya gia yenye unene sahihi, lakini yasiyokuwa na kiongezeo kinachotakiwa na sahani za klachi ili ziteleze taratibu bila kung'ang'ania. Kesho yake, kwenye kila kona kali ya mwendo wa polepole, nyuma ya gari kulianza kugongagonga na kutetemeka kana kwamba nimepakia mawe. Sasa nilikuwa na hitilafu mbili, na ya pili niliitengeneza kwa mkono wangu. Ilinibidi nimwage mafuta yale mapya, nitie yaliyoandikwa kwenye kitabu pamoja na kiongezeo chake, kisha nizungushe gari polepole kwenye uwanja mpana kwa umbo la namba 8 mara nyingi hadi sahani zikalowa vizuri na mtetemo ukaisha.

Nilipochoka, nilikopa fedha na kununua pampu. Nilikwenda gereji nyingine ambayo haikuniuliza maswali, jambo ambalo wakati huo niliona ni ufanisi. Walipokuwa wakiijaribu kazi yao waliinua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, wakawasha injini na kuingiza gia. Klachi za difu zilipobana, gurudumu lililokuwa bado chini lilipokea nguvu na pikapu ikaruka kutoka kwenye jeki, ikasimama sentimita chache kabla ya ukuta. Hakuna aliyeumia, lakini hadi leo nikikumbuka kijana aliyekuwa amepiga magoti pembeni, mwili hunisisimka. Gari lenye difu ya namna hii halijaribiwi na gurudumu moja hewani. Yote mawili ya nyuma yainuliwe na kukalishwa juu ya stendi imara, ya mbele yazuiwe kwa vigingi, na mtu asikae kwenye njia ambayo gari lingeifuata. Kama gari linaendesha magurudumu yote manne, kitabu chake kifuatwe kabla ya kuinua chochote.

Pampu mpya ilifanya kazi siku tisa. Kwa siku hizo tisa nilimweleza kila aliyetaka kusikia, na baadhi ya wasiotaka, jinsi nilivyoitambua hitilafu kuliko mafundi. Siku ya kumi nilifunga tela, nikachelewa kurudi, na giza lilipoingia taa ikawaka mahali karibu na pale pale palipoanzia. Nilipiga usukani kwa ngumi. Mke wangu, aliyekuwa amekaa kando yangu, aliuliza swali moja tu: kwa nini kila mara inapowaka sisi huwa na tela na huwa ni usiku? Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu, na kwa sababu nilikuwa na hasira. Lakini swali lile ndilo lililokuja kuitibu pikapu.

Fundi aliyefuata alikuwa fundi umeme wa magari, mtu wa makamo mwenye maneno machache. Safari hii nilikubali kulipia vipimo, kwa kuwa sikuwa na kiburi kilichobaki. Hakugusa gari kwa karibu nusu saa. Aliniuliza taa huwaka wakati gani, hali ya hewa ikoje, nimebeba nini, nimekanyaga nini. Kisha akauliza: "Ndugu, gari hili limeongezwa kitu chochote cha umeme hivi karibuni?" Nikasema hapana. Akainama nyuma ya gari, akanyanyuka, akaigusa kwa kidole soketi ya taa za tela ambayo nilikuwa nimefungiwa wiki tatu kabla ya taa ya onyo kuwaka mara ya kwanza, tena na rafiki, kwa bei ya kirafiki. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Naapa kwamba sikukusudia kuficha. Kichwani mwangu soketi ilikuwa mambo ya taa na difu ilikuwa mambo ya chuma, na sikuwahi kuviweka viwili hivyo katika fikra moja.

Alianza na mashine, lakini hakuishia kwenye majina ya misimbo. Alifungua kumbukumbu ambazo kompyuta huhifadhi pale hitilafu inapoandikwa, na humo akanionyesha jambo hili: wakati uleule ambao kompyuta ya injini iliandika kwamba inapata volti 13.9, kompyuta ya difu iliandika volti 11.3. Gari moja, betri moja, dakika moja, na kompyuta mbili zinapishana kwa zaidi ya volti 2. Betri aliipima na kuikuta nzima, na alteneta ilikuwa inachaji ipasavyo. Kwa hiyo umeme ulikuwepo. Ulikuwa unapotea njiani kabla ya kuifikia difu, au wakati wa kurudi.

Msimbo wa U aliushughulikia kwa haraka. Alitenganisha betri, akapima ukinzani kati ya tundu la 6 na la 14 la soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, ambazo ndizo nyaya mbili za mawasiliano ya kompyuta katika gari langu, akapata omu 60. Ncha mbili za mtandao huo huwekewa kila moja kizuizi cha omu 120, na vikipimwa pamoja hutoa 60. Angepata 120 angejua kwamba upande mmoja umekatika. Mtandao ulikuwa salama. Alifuata fungu la nyaya linalopanda na kushuka pamoja na ekseli, akilitikisa kipande kwa kipande huku akitazama mashine, akafungua plagi ya pampu kutazama kama kuna kutu ya kijani. Vyote vilikuwa safi.

Kisha akafanya kipimo ambacho ningetamani kila mwenye gari akifahamu. Waya wa hasi wa difu, ambao ndio njia ya umeme kurudi kwenye betri, unafungwa kwa boliti kwenye chesisi, nyuma ya gurudumu la kushoto. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kuupima waya huo kwa mita yangu, kwa omu, gari likiwa limezimwa, nikaona karibu sifuri na kuufutia mashaka. Fundi alinieleza kwa nini kipimo changu hakikuwa na thamani. Mita ya omu hupitisha umeme mdogo mno, na hata waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utasoma vizuri. Tena nyaya za mita yenyewe zina ukinzani wake, mara nyingi sehemu ya kumi ya omu au zaidi, kwa hiyo kasoro ya ukubwa huo hujificha kabisa ndani ya kosa la kifaa. Lakini pampu inayovuta ampea 20 kupitia sehemu ya kumi ya omu hupoteza volti 2 nzima. Hitilafu ya namna hiyo haionekani waya ukiwa umepumzika; huonekana ukiwa unafanya kazi.

Basi tukaufanyisha kazi. Pikapu ilikuwa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yote hewani, gia ikiwa huru, injini ikinguruma. Aliweka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu na nyingine kwenye mwisho wa waya wa hasi wa kompyuta ya difu, akaamuru pampu ifanye kazi kwa kutumia mashine. Alinitaka nizungushe gurudumu moja kwa mkono. Kabla ya pampu kuwaka, nilipolizungusha mbele lile la pili lilikwenda kinyume, kama difu iliyo huru inavyopaswa. Pampu ilipowaka yalishikana na kuzunguka pamoja, kwa uzito ambao mkono wangu uliuweza kwa shida. Sehemu ya chuma ilikuwa nzima kabisa. Mita ilisoma volti 1.4. Ilipaswa isome chini ya volti 0.1.

"Sasa funga tela," alisema. Nikafunga, nikawasha taa zote, akamtuma msaidizi wake akanyage breki. Mita ikapanda hadi volti 2.3, na sekunde chache baadaye taa ya onyo ikawaka mbele yetu, mchana kweupe, gari likiwa limesimama. Nilicheka kwa sauti. Miezi minne nilikuwa nikiifukuza taa ile, na sasa kulikuwa na mtu anayeweza kuiita inapotakiwa.

Alifungua boliti. Rafiki yangu, alipofunga soketi ya tela, alihitaji mahali pa kufungia waya wa hasi, akaona boliti iliyokuwa tayari na waya, akailegeza, akaingiza kiungo chake, ile pete ya mwisho wa waya, chini ya kiungo cha difu, juu ya rangi ya chesisi ambayo hakuikwangua, kisha akakaza bila nguvu ya kutosha. Maji na tope viliingia katikati, kutu ikaanza. Umeme wa taa za gari, taa za tela na pampu ya difu ulikuwa ukigombea mlango mmoja mwembamba. Mchana bila tela mlango ulitosha kwa shida. Usiku, na taa za tela zimewaka na breki zimekanyagwa, pampu ilikosa nguvu ya kufikisha mgandamizo kwa wakati, na hasi ya kompyuta yake ilikuwa imepanda volti kadhaa juu ya hasi ya kompyuta nyingine, kiasi cha kukatiza mazungumzo nazo. Misimbo yote miwili ilisema kweli. Ilitaja aliyeumia, haikutaja aliyempiga.

Matengenezo yalikuwa kukwangua rangi hadi chuma kikang'aa, kukata kiungo kilicholiwa na kutu na kubana kipya, kuuhamishia waya wa tela kwenye boliti yake mwenyewe, kukaza vizuri na kupaka grisi kwa juu ya kuzuia maji. Alirudia kipimo kilekile katika hali ileile, tela limefungwa na breki zimekanyagwa, akapata volti 0.04. Vifaa alivyotumia havikufika hata sehemu ya hamsini ya bei ya pampu niliyonunua, na malipo ya vipimo vyake yalilingana na yale niliyoyakataa kwa fundi wa kwanza.

Nilipojaribu kumsimulia mtu mwingine mwenye tatizo linalofanana na langu, nilijikuta nikimwambia mambo ambayo hayahusu difu sana. Nilimwambia asifute misimbo kabla ya kuipiga picha pamoja na kumbukumbu zake, kwa kuwa kila misimbo inapofutwa ili taa izimike hufutwa pia kumbukumbu kama zile volti 11.3. Nilimwambia aandike kila taa inapowaka: saa, mwendo, mzigo, taa zilizokuwa zimewashwa, kona au mlima. Na kazi ikiisha asiipokee gari hadi ijaribiwe katika hali ileile iliyoleta hitilafu, maana siku zangu tisa za furaha zilikuwa siku tisa za mchana bila tela, na zingekuwa tisa hata kama ningebadilisha kioo cha pembeni. Kuhusu pampu au kompyuta mpya, nilimwonya kwamba kwenye magari mengi haitoshi kukaza boliti. Kifaa kipya hutakiwa kutambulishwa na kupimwa upya kwa mashine ya kiwango cha mtengenezaji, na gharama hiyo haiandikwi kwenye bei ya kifaa.

Nilirudi pia kwa yule fundi wa kwanza kumwomba radhi. Alinisikiliza, akauliza boliti ilikuwa ipi, akaandika kwenye daftari lake, akaendelea na kazi.

Pampu ya zamani bado ninayo. Mota yake ina nyaya mbili tu, hivyo siku moja fundi umeme aliibana kwenye meza na kuigusisha kwenye betri kwa nyaya nene zenye fyuzi. Ilinguruma mara moja, sawasawa, bila kusita. Ameniambia niihifadhi mahali pakavu.